Nukta za Mama Wino

Grafu ile ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Ilikuwa karatasi moja tu, iliyochorwa baada ya malalamiko kwa kulinganisha majibu ya mashine na wagonjwa waliogunduliwa kuugua hospitalini. Kwa mwaka mzima na ushei mstari ulikwenda juu, umenyooka, mashine ikisoma vipande vya nyama za wagonjwa na kupatia karibu kila mara. Halafu mstari ukaporomoka, ukabaki chini miezi minne. Pale ulipoporomokea Meneja wa maabara alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Siku aliyoondoka*. Hata mtoto wa chekechea angeitazama karatasi ile na kusema nani mkosaji. Inspekta mwenyewe aliitazama siku sita zilizopita, akasaini hati ya kumkamata.

Aliyeondoka siku hiyo ni fundi wa maabara, mama wa miaka hamsini na mbili, ambaye wenzake walimwita Mama Wino kwa sababu vidole vyake viwili vya kulia havikuwahi kutakata. Aliifanyia kazi maabara ile miaka ishirini na miwili. Kisha ikaja mashine ya akili mnemba, ikafundishwa, ikafaulu, na baada ya mwaka na nusu Mama Wino akaambiwa asante sana, nafasi yako haipo tena. Sasa alikuwa mahabusu, na saa nane mchana angepandishwa kizimbani kwa kuharibu mtambo makusudi na kusababisha kifo cha mwanamke mmoja fundi cherehani. Fundi cherehani huyo alitumiwa ujumbe kwamba kipimo chake ni SAFI, akarudi kwenye cherehani yake, akashona sare za shule za watu miezi mitatu huku ugonjwa ukimla kimyakimya. Mumewe ndiye aliyeleta ujumbe huo kituoni, umechapwa kwenye karatasi, umekunjwa mara nne.

Sasa ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Mtaalamu wa kompyuta wa polisi alikuwa amepiga simu na kusema kwamba ameipekua mashine yote na haikuguswa hata herufi moja. Kila kitu kilikuwa kama kilivyowekwa na waliokitengeneza.

"Basi tumemshika mtu kwa kuharibu kitu ambacho hakijaharibika," alisema Koplo, ambaye alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na hakuwa na muda wa kupamba maneno.

Inspekta aliegesha gari mbele ya maabara, akazima injini, wakashuka.

Kuna jambo jingine lililokuwemo kwenye faili, na ni haki lisemwe mapema. Dada yake Inspekta, mkubwa wake wa kuzaliwa, alipimwa maabara hiyohiyo miezi miwili iliyopita. Inspekta alimwandikia bosi wake kumjulisha, kama taratibu zinavyotaka, na bosi akacheka. Dada yako si ameambiwa yu safi? Aliye safi hana kesi. Ujumbe wenyewe Inspekta alikuwa nao kwenye simu yake, namba ya kipimo juu, neno SAFI chini, na maneno ya dada yake aliyeuzoea mzaha: *Haya, mtanivumilia miaka arobaini mingine.*

Meneja aliwapokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linakwaruza macho, na aliipenda mashine yake kama wengine wanavyompenda kitinda mimba. Aliwaeleza tena namna ilivyofundishwa. Walichukua slaidi elfu arobaini za stoo, vioo vyembamba vyenye kipande cha nyama juu yake, kazi ya miaka kumi na miwili, kila kimoja na jibu la daktari. Mashine ikaonyeshwa kioo na jibu, kioo na jibu, mpaka ikajua yenyewe. Siku ya mtihani ikapewa slaidi elfu mbili ambazo haijawahi kuziona, kutoka stoo hiyohiyo, ikawashinda madaktari watatu. Tangu hapo, ikisema SHAKA, daktari anatazama. Ikisema SAFI, mgonjwa anatumiwa ujumbe siku ileile.

"Na huyu mama alikuwa anafanya nini, mashine ikiwa inasoma?" Inspekta aliuliza.

Kukata nyama, kupaka rangi, kubandika kwenye kioo, alisema Meneja. Alikuwa pia na kitu alichokiita kutazama kwanza, mazoea ya zamani tu, hayakuandikwa kwenye mwongozo wowote. Yalikula saa mbili kila siku bila sababu. Ndiyo maana walipopunguza watu walianza naye.

Inspekta aliomba takwimu za siku moja moja, si grafu ya mwezi. Meneja alizichapa kwa mbwembwe. Inspekta alipitisha kidole kwenye safu, mstari kwa mstari, akasimama.

"Aliondoka Jumatatu jioni."

"Jumatatu, ndiyo. Kamera inamwonyesha akiingia chumba cha mashine saa kumi na moja na nusu. Dakika kumi na moja. Akatoka na mkoba."

"Jumanne mashine haikukosea. Jumatano pia. Imeanza kukosea Alhamisi."

Meneja alisema siku mbili si kitu, labda uharibifu ulikuwa wa polepole. Inspekta aliandika *Alhamisi* kwenye daftari lake na kupiga mstari chini yake. Kisha akauliza kuhusu safu nyingine, ile ya SHAKA. Zamani zilikuwa sita au saba kwa siku. Tangu Alhamisi hiyo, moja, siku nyingine hata moja haikuwepo. Je, hakuna aliyeshtuka?

Meneja alikohoa kidogo. Walifurahi, alisema. Kazi ya daktari ilipungua. Makao makuu waliwaandikia barua ya pongezi.

Koplo alitazama dari.

Daktari msomaji alikuwa na chumba mwisho wa korido, dirisha moja, meza mbili, na juu ya meza moja hadubini iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Alikuwa mzee mwenye sauti tulivu, na alimwita Inspekta mwanangu tangu mlangoni. Inspekta alimwamkia, akakaa alipoonyeshwa. Sheria ilisema kwamba katika kila slaidi kumi ambazo mashine imesema SAFI, daktari achukue moja, aitazame kwa jicho lake, kisha asaini. Ukaguzi huo ulifanyika kila Ijumaa. Daktari alitoa kitabu cha sahihi. Zilikuwa nzuri, zimenyooka, ukurasa baada ya ukurasa.

Kati ya wagonjwa saba waliojulikana kuambiwa uongo, wawili walikuwa wameangukia kwenye moja-ya-kumi ya daktari. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani.

"Kwa hiyo kioo chake ulikitazama," alisema Inspekta.

"Nilikitazama. Kilikuwa kigumu, mwanangu. Kuna vioo ambavyo hata malaika angekosea. Ukitaka rai yangu, yule mama aliichezea ile mitambo ya rangi kabla hajaondoka, ndiyo maana hata mimi sikuona. Alikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hashindwi kitu."

Maneno yalipangika vizuri. Inspekta alinyanyuka, akaenda kwenye hadubini, akainua kitambaa cha kijani kwa ncha ya kidole. Vumbi jembamba lilikuwa limetanda juu ya kitambaa, lakini hilo halikuthibitisha kitu mahakamani. Akamwomba Koplo alete slaidi yenyewe.

Koplo alirudi na kisanduku na mtu. Mtu huyo alikuwa mtunza stoo, mwembamba, mwenye koti jeupe lililompwaya, na alianza kujitetea kabla hajaulizwa. Tangu watu wapunguzwe, alisema, yeye ndiye stoo, yeye ndiye mashine, yeye ndiye anayefagia, sasa kama kisanduku kina hitilafu wasimwangushie yeye jumba bovu. Inspekta alimwambia hakuna anayemlaumu, atafute tu namba ya marehemu.

Mtunza stoo alipekua, akaipata, akaivuta. Zikaja slaidi tano kwa mpigo, zimeshikana kama tofali moja.

"Hizi zimeng'ang'aniana," alisema, akizigeuzageuza. "Ni gundi. Zamani tulizianika rafu ile pale siku nzima mpaka zikauke. Siku hizi tunakimbizwa. Zinatoka kwenye mashine mbichi, naziingiza kisandukuni, zinakaukia humo humo."

"Zikishakauka hivi, mtu anazitenganishaje?"

"Haziachani kwa mkono, utazivunja. Unaziloweka kwenye dawa, saa moja, saa nyingine zaidi. Na dawa naitoa mimi. Miezi minne hii hakuna aliyeniomba hata tone."

Inspekta alichukua kitabu cha sahihi, akakifungua, akakiweka mbele ya daktari pamoja na lile tofali la vioo. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake barua.

"Kioo hiki kilitoka kwenye mashine Jumatatu, kikaingia kisandukuni Jumatatu. Sahihi yako ni ya Ijumaa. Ijumaa kilikuwa kimeshashikana na vingine vinne. Ulikitazamaje, mzee wangu?"

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Miezi sita ya kwanza nilitazama kila moja," daktari alisema mwishowe. "Wallahi nilitazama. Haikukosea. Nikawa natazama nusu. Halafu zile za mwanzo tu. Halafu nikawa nasaini. Mtu akikwambia kweli kila siku, unafika mahali unaona aibu kumuuliza."

"Tangu lini?"

"Karibu mwaka sasa."

Inspekta aliandika, akamsomea, daktari akaweka sahihi nyingine nzuri iliyonyooka. Baada ya kusaini alibaki ameishika kalamu na hakujua aiweke wapi.

Ilikuwa saa tano kasoro. Meneja ndiye aliyesema kwanza, na alichosema kilikuwa na mantiki, ndiyo ubaya wake. Daktari amezembea, sawa, atawajibika. Lakini daktari alizembea pia ule mwaka ambao mashine ilikuwa nzima, na hakuna aliyekufa. Kwa hiyo kuna kitu kilitokea Mama Wino alipoondoka. Swali la Inspekta lilikuwa palepale, na mwendesha mashtaka hangefuta kesi kwa sababu ya vioo vilivyogandana.

Inspekta alimwomba mtunza stoo amwonyeshe stoo.

Ilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha, rafu hadi juu, visanduku kwa maelfu vimeandikwa tarehe. Inspekta alisema anataka kuona slaidi za zamani zilizoanikwa vizuri, ili azipige picha pamoja na zile zilizogandana, mahakama ielewe tofauti. Mtunza stoo akashusha kisanduku cha miaka mitatu nyuma, akachomoa slaidi moja baada ya nyingine na kuzipanga mezani. Koplo akatoa kamera. Akapiga picha tatu, akaishusha.

"Afande, hizi zimeandikwa."

Zilikuwa na nukta. Si zote. Slaidi ya tatu, ya nane, ya kumi na moja: kando ya kipande cha nyama, nukta moja ndogo ya buluu, imewekwa kwa kalamu juu ya kioo. Inspekta aliinua mojawapo kwenye taa. Kisha akaenda mwenyewe kwenye kisanduku cha mwezi uliopita, akazitazama zile zilizochomoka, ishirini, thelathini. Hazikuwa na nukta hata moja.

"Hizi nukta ni za nini?"

"Aa, hizo?" Mtunza stoo alicheka, kana kwamba ameulizwa kuhusu mlango wa nyumba yake. "Hizo za Mama Wino. Ndiyo kule kutazama kwanza. Akishapaka rangi anachungulia kwenye kihadubini chake kidogo, akiona mahali pana jambo anatia nukta, daktari asipoteze muda kutafuta. Kila fundi mkubwa wa hapa alifanya hivyo. Alifundishwa na aliyemtangulia, naye angemfundisha anayefuata, kama wangemwachia wa kumfuata."

"Kila siku? Miaka yote?"

"Hata siku amefiwa na mama yake alipitia hapa kwanza."

"Na zile elfu arobaini zilizofundishia mashine?"

Mtunza stoo alinyoosha mkono kuonyesha rafu zote, kushoto na kulia. Zilikuwa hizo.

Inspekta aliiweka slaidi chini polepole. Meneja alikuwa akiangalia saa yake, hakuelewa bado. Koplo ndiye aliyekohoa.

"Kijana wangu wa tatu," alisema, "miaka miwili mfululizo alikuwa wa kwanza darasani. Nikamnunulia baiskeli. Mwalimu akapanga upya madawati, muhula huo huo akawa wa thelathini na nane. Mama yake akadhani kalogwa. Kumbe muda wote alikuwa anachungulia kwa jirani."

Meneja aliacha kuangalia saa.

"Haiwezekani," alisema kisha. "Ilifaulu mtihani."

"Slaidi za mtihani zilitoka wapi?"

Meneja alikuwa amekwisha kulisema mwenyewe asubuhi: stoo hiyohiyo.

Waliingia chumba cha mashine saa tano na nusu, na Inspekta aliendesha zoezi lile kama anavyoendesha gwaride la utambulisho, hatua kwa hatua, Koplo akiandika muda. Alichagua kwenye daftari la majibu slaidi ya mgonjwa wa miaka mitatu nyuma, ambaye ugonjwa wake ulithibitishwa na hospitali mbili na akatibiwa. Ilikuwa na nukta. Mtunza stoo aliiingiza. Mashine ilinguruma kidogo, taa ikapita chini ya kioo, na kwenye skrini likatokea neno SHAKA kwa rangi nyekundu.

Inspekta akachukua pamba, akaichovya kwenye spiriti, akaifuta nukta. Nyama haikuguswa. Kioo kilekile, ugonjwa uleule. Mtunza stoo akakirudisha.

SAFI, ilisema mashine.

Meneja alisema jaribuni tena. Walijaribu tena, wakapata jibu lilelile. Inspekta akaomba slaidi ya mtu asiye na tatizo lolote, akaomba kalamu, akatia nukta kwa mkono wake mwenyewe, mbaya, kubwa kuliko za Mama Wino. SHAKA. Wakafanya kumi za namna hii na kumi za namna ile, na Koplo akaandika zote ishirini. Katika kumi zilizofutwa nukta, mashine ilibaki na shaka na moja tu, ambayo ugonjwa wake ulikuwa umeenea kiasi kwamba hata Koplo aliuona.

Inspekta aliisoma orodha ya Koplo juu hadi chini. Kwa mwaka mmoja na nusu mashine haikuwa imesoma ugonjwa wa mtu yeyote. Ilikuwa inamsoma Mama Wino. Walimwondoa kwa sababu mashine inajua kila kitu, na alipotoka mlangoni akatoka na kila ilichokijua.

"Haikuharibiwa," alimwambia Meneja. "Iko vilevile kama siku mliyoinunua. Ni ninyi mlioifumba macho, na hamkujua kwamba macho yenyewe yalikuwa mtu."

Meneja aliketi kwenye kiti cha magurudumu, kikasogea nyuma kidogo, akakishika kwa miguu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama wagonjwa wa miezi minne ni lazima wajulishwe wote. Inspekta alimwambia aanze kuandika orodha sasa hivi, na Koplo akavuta kiti kingine, akakaa kando yake kuhakikisha anaandika.

Mwendesha mashtaka alimsikiliza Inspekta kwenye korido ya mahakama saa saba na dakika ishirini. Hakupenda alichosikia, akauliza mara tatu kama ana uhakika, akasoma orodha ya majaribio ishirini na maelezo ya daktari. Kisha akasema ataiondoa kesi, na kwamba ana nyingine ya kufungua. Inspekta alishuka ngazi hadi mahabusu ya mahakama, akamkuta Mama Wino amekaa kwenye benchi, viganja mapajani, nguo ileile aliyokamatwa nayo.

Alimsimulia yote bila kukata kona. Mama Wino alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika isipokuwa alipotajiwa nukta. Hapo alivitazama vidole vyake.

"Nilikuwa namsaidia daktari," alisema. "Mashine sikujua kama inaangalia."

"Zile dakika kumi na moja, mama? Kwenye maelezo ulisema ulikwenda kuaga."

"Niliaga. Kulikuwa na trei mbili zinangoja foleni, za Jumanne na Jumatano. Nilikuwa nimeshazitazama mchana, sikuwa nimetia alama. Ningeziachaje hivyo? Nikatia, nikachukua kikombe changu, nikatoka."

Kwa hiyo ndiyo maana ya Alhamisi. Inspekta alisema samahani, akalisema wazi, kwamba hati ilisainiwa na yeye, na kwamba alidanganyika na karatasi moja.

"Samahani yako nimeisikia," alisema Mama Wino. "Usidhani imeniisha hasira. Siku sita nimelala chini, wajukuu wangu wanaambiwa shuleni bibi yenu muuaji. Utakwenda shuleni kwao ukawaambie mwenyewe, na hiyo sare yako."

"Nitakwenda."

"Kesho."

"Kesho, mama."

Walimrudishia kaunta vitu vyake, pamoja na vile vilivyochukuliwa kwake kama vielelezo: mkoba, leso, kikombe, kalamu tatu za buluu zilizofungwa kwa mpira. Gari la kumpeleka nyumbani lilikuwa tayari. Mama Wino alisimama mbele ya mlango wa gari uliofunguliwa, hakuingia.

"Vile vioo vya miezi minne," alisema. "Viko wapi?"

Saa kumi alasiri alikuwa amekaa mbele ya hadubini ya daktari, kitambaa cha kijani kimekunjwa kando. Daktari mwenyewe alikuwa ameomba abaki, na Inspekta alimruhusu akae meza ya pili kuthibitisha kile ambacho Mama Wino angekitilia alama. Walitazamana mara moja tu alipoingia, naye mzee ndiye aliyeinamisha macho. Mtunza stoo alikuwa ameloweka visanduku kwenye mabeseni, kwa tarehe, cha zamani kwanza. Vilikuwa themanini na vitano. Slaidi elfu tatu na mia nne. Mafundi wengine wawili waliopunguzwa walikuwa wamepigiwa simu, wangefika asubuhi.

Inspekta hakuwa na kazi pale. Angeweza kwenda kuandika ripoti. Alichukua daftari la namba, akakaa kwenye kistuli, na kila Mama Wino alipotia nukta, akataja namba, Inspekta aliiandika. Kwenye kisanduku cha kwanza zilikuwa nne.

Baina ya kioo na kioo Inspekta alitoa simu, akautazama ule ujumbe, akairudisha mfukoni. Alifanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu Mama Wino alisema bila kuinua jicho:

"Una mtu wako humu?"

"Dada yangu."

"Wapi?"

"Titi. Mwezi wa pili wa hiyo minne."

Mama Wino aliinua kichwa sasa, akayatazama mabeseni, akahesabu kwa midomo.

"Kitakuwa cha arobaini na tatu, arobaini na nne. Kwa mwendo huu ni keshokutwa. Nikitoe kwanza? Nikikiloweka sasa, magharibi nitakuwa nimekwambia."

Inspekta alitaka kusema ndiyo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Alitazama namba nne alizoziandika, ambazo wenyewe walikuwa mahali fulani saa hii, wanashona, wanapika, wanacheka na watu, na ujumbe umo kwenye simu zao.

"Fuata foleni," alisema.

Mama Wino alimwangalia kidogo, akarudi kwenye hadubini.

Simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa dada yake, na alianza kama anavyoanza siku zote, kwamba mtu mwenye mdogo askari angetegemea kulindwa, lakini yeye hata kutembelewa hatembelewi, au mpaka aibe kuku ndiyo aje kumkamata. Inspekta alimwacha amalize. Alisogea dirishani.

"Dada, yale majibu yako hayakusomwa na mtu. Ninyi wote wa kipindi kile. Ndiyo yanasomwa sasa."

Upande wa pili palikuwa na kelele za redio, kisha redio ikazimwa.

"Yanasomwa na nani?"

Inspekta aligeuka. Mama Wino alikuwa ameinama, jicho moja kwenye lenzi, mkono wa kulia umeshika kalamu ya buluu juu ya kioo bila kukigusa, unangoja. Kisha mkono ukashuka.

"Na mtu," alisema Inspekta. "Nakuja kwako nikitoka hapa."

"Mia moja na tisini na saba," alisema Mama Wino, na Inspekta akarudi kwenye kistuli, akaiandika.